Nikikaribia kilomita ya nne macho yanafifia na mashine ya sikio inazima. Wakimbiaji wenye kisukari, hii ni nini?

#1 MtoroWaRaskazone
Wakuu, salaam.

Nakimbia hapa Tanga mjini. Natokea Chumbageni, nashika barabara ya Bombo hadi Raskazone, kisha narudi. Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa sekondari, nachoma insulini. Sikio la kulia halisikii kabisa, la kushoto linasikia kwa shimesikio. Macho hayakuwahi kunisumbua zaidi ya kuvaa miwani ya kuonea mbali, hadi kaskazi ya mwaka huu ilipoanza.

Nikishakimbia kama nusu saa, macho yanaanza kufifia. Si giza. Rangi zinapauka, vibao sivisomi, nyuso za watu zinapotea nabaki kuona maumbo. Nikikaa kivulini na kunywa maji, taratibu yanarudi. Maumivu hakuna. Sasa muda huohuo jasho linakuwa limeshaingia kwenye mashine ya sikio, inakwaruza kisha inazima. Kwa hiyo kuna kipande cha njia ambacho sioni vizuri na sisikii, na bodaboda zinapita.

Nilikwenda Lushoto msibani, nikakimbia huko asubuhi. Haikutokea.

Miadi ya macho ninayo mwezi ujao, kwa hiyo "nenda hospitali" nimeshaisikia na naenda. Nataka kusikia kutoka kwa wanaokimbia na hali kama hizi. Kuacha mbio sitaki. Tangu nianze, sukari yangu imetulia kuliko miaka yote.

#2 BintiMakorora
Sukari imeshuka hiyo. Mama yangu akichelewa kula anaanza hivyohivyo, anauliza kwa nini mmefunga madirisha. Akipewa soda anaona. Weka pipi mfukoni kaka, uzi umeisha.

#3 MpareWaPongwe
#2 haujaisha. Amesema anakunywa MAJI na macho yanarudi. Maji hayapandishi sukari. Mimi nasema ni jua. Asubuhi ukitoka mjini kwenda Raskazone umeelekea kaskazini mashariki, jua linatoka baharini linakupiga usoni njia nzima. Nunua kofia yenye ukingo.

#4 NesiMstaafu
Pole mwanangu. Mpare, maji si ushahidi. Mtu akipumzika, ini linaweza kutoa akiba yake ya sukari, ikapanda kidogo bila kula chochote. Na misuli ikiacha kufanya kazi haili tena sukari kwa kasi ile.

Naomba majibu matatu. Insulini unachoma wapi na muda gani kabla ya kukimbia? Sukari inasoma ngapi kabla ya kutoka? Macho yakififia unatetemeka, moyo unakwenda mbio, au hakuna?

#5 MtoroWaRaskazone
Shikamoo mama. Nachoma pajani, kama saa nzima kabla. Kabla ya kutoka inasoma 7 hadi 9 (mmol/L). Kutetemeka hakuna, moyo unakwenda kama wa mtu anayekimbia. Njiani sijawahi kupima. Vijiti vya kupimia sukari ni ghali, naviweka kwa ajili ya asubuhi na usiku.

Mpare, jioni pia imetokea, jua likiwa mgongoni.

#6 NesiMstaafu
Marahaba. Sasa hapo pajani ndipo pa kuanzia. Mguu ukikimbia damu inajaa kwenye paja, na insulini uliyoichoma pale inanyonywa upesi kuliko ulivyopanga. Joto la Tanga linaongeza kasi hiyohiyo. Halafu insulini ya haraka ile, baada ya saa moja au mbili ndiyo iko kileleni, nawe ndiyo uko barabarani. Zungumza na daktari wako kuhusu kuhamia tumboni na kupunguza dozi siku za mbio. Usipunguze kwa maneno yangu ya mtandaoni.

Kutotetemeka kusikutulize. Mwenye kisukari cha miaka mingi, mwili huacha kutoa ile ishara. Tena anayetumia dawa za presha za aina ya atenolo au propranolo, mtetemeko na mapigo hufichika, hubaki jasho tu, na mkimbiaji jasho analo tayari. Je, unatumia?

Macho yakififia, palepale, choma kidole. Ikiwa chini ya 4 tumepata mwanzo wa jibu. Na siku ambayo kabla ya kutoka inasoma chini ya 5, kula kwanza gramu 10 hadi 20 za wanga, tende tatu nne ndogo zinatosha, usubiri ipande. Usiku wa siku ya mbio ndefu pia pima, kwa sababu inaweza kushuka umelala, saa nyingi baada ya kuvua viatu.

#7 SahareAsubuhi
Kwanza kwa nini unakimbia peke yako? Jumapili vikundi vya mchakamchaka vimejaa mji mzima, vingine vinapita hapo hapo Bombo. Njoo na sisi wa Sahare. Tunakwenda taratibu na tunasubiriana.

#8 BintiMakorora
#7 mnasubiriana wapi, niliachwa Mkwakwani nikarudi na bajaji.

#9 SahareAsubuhi
Wewe ulisimama kununua mihogo ya kukaanga! Hatukukuacha.

#10 LushotoKwetu
Hakuna aliyeigusa Lushoto, nami naona jibu liko huko. Lushoto mjini ni zaidi ya mita 1,300 juu, asubuhi unakimbia na sweta. Mke wangu alipata uvimbe wa mshipa wa fahamu wa jicho miaka iliyopita, jicho likarudi karibu lote. Lakini akikaa jikoni kwenye moshi na joto, au akioga maji ya moto, jicho lile linapauka. Rangi nyekundu inakuwa kama ya matofali ya zamani. Akipoa, linarudi. Tulipelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, wakatuambia ni joto la mwili lenyewe, jicho haliharibiki zaidi.

Soma tena #1: rangi zinapauka, maumivu hakuna, akipoa yanarudi, baridini haitokei, ilianza kaskazi ilipoanza. Ni yaleyale.

#11 MwanafunziWaTiba
#10 hilo lina jina. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, alilieleza mwaka 1890. Yeye aliona linawajia wagonjwa wakifanya mazoezi, baadaye ikafahamika kwamba chanzo ni joto la mwili kupanda. Mshipa wa fahamu una ganda la mafuta linalousaidia kupitisha ujumbe. Mahali ganda lilipochunika, ni sawa na waya wa umeme uliovuliwa plastiki: bado unapitisha, ila kwa shida, na joto likipanda kidogo tu ujumbe unakwama.

Ila tahadhari. Huyo ndugu hajasema aliwahi kupoteza jicho ghafla kwa siku kadhaa, na ugonjwa mkubwa unaohusishwa na hali hii, ule wa ganda la mishipa ya ubongo na uti wa mgongo, kwetu Afrika Mashariki si wa kawaida. Asiende kulala akijihesabia magonjwa.

#12 MpareWaPongwe
Na mimi niulize. Lushoto alikuwa msibani. Msibani watu wanakula wali mchana na usiku. Na milima ile hakuna mtu wa pwani anayeikimbia, ametembea kwa heshima akapumzika kila kona. Kwa hiyo sukari haikushuka kwa sababu alishiba na hakukimbia. Joto limesingiziwa.

#13 LushotoKwetu
Mpare anatufundisha Lushoto! Wewe milima yenu ya Same unapanda na basi.

#14 MachungwaMuheza
Natumia simu inayonisomea, kwa hiyo nimechelewa kuufikia uzi. Mimi sioni. Presha ya macho ilinimaliza jicho moja baada ya jingine nikiwa na miaka thelathini na kitu. Nakimbia. Acheni sababu kidogo, madaktari watazitafuta. Mtoro ana tatizo la leo asubuhi: afike vipi nyumbani akiwa haoni wala hasikii. Hilo ninaweza kulisemea.

Tafuta mwenzako mmoja na kamba. Mimi natumia kipande cha kanga kilichosokotwa, kimefungwa kitanzi huku na huku. Urefu wake ni mfupi, mikono yetu iko karibu inagusana. Kirefu kinakuchelewesha habari: mwenzako ameshakata kona wewe bado unakwenda moja kwa moja. Mnashika kwa vidole, hamfungi kwenye kifundo, mmoja akianguka mwingine aweze kuachia. Mnakimbia bega kwa bega, mikono inayoshika kamba inakwenda pamoja mbele na nyuma. Wiki ya kwanza mtagongana viwiko. Halafu siku moja mnasahau kwamba kuna kamba.

Wanaoniongoza mimi wanazungumza: "shimo kushoto," "tuta," "tunapanda." Wewe mashine itakuwa imezima, kwa hiyo maneno hayatakufaa. Mnapatana alama za mkono mapema, mkiwa mmekaa, na mnazirudia mkitembea kabla ya kukimbia. Kwa mfano kamba ikivutwa kuja kwake mnakata upande wake, kiwiko kikikusukuma mnakata upande wako, kamba ikiinuliwa kuna tuta au ukingo, ikibanwa mara mbili mnapunguza, ikishushwa chini kabisa simama. Alama ya kusimama ndiyo ya kwanza kujifunza na ni lazima iwe tofauti na zote.

Na huyo mwongozaji lazima ajue sukari. Ajue tende ziko mfuko upi. Mtu ambaye sukari imeshuka anaweza kukataa kusimama, anakuwa mbishi, anasema yuko sawa. Mwongozaji asibishane naye, amsimamishe.

#15 BintiMakorora
#14 umeandika hadi nimesimama kupika. Asante sana kaka.

#16 UstadhWaMbio
Ndiyo maana namheshimu yule Mkenya Henry Wanyoike. Amezaliwa haoni, na Paralimpiki ya Athens 2004 mwongozaji wake alichoka akamburuta yeye hadi mwisho wakachukua dhahabu.

#17 ShabikiWaRiadha
#16 Wanyoike hakuzaliwa hivyo. Alikuwa anaona, akapoteza macho mwaka 1995 baada ya kiharusi, akiwa kijana. Na habari ya mwongozaji kuishiwa nguvu ni ya Sydney 2000, mita 5,000. Mwongozaji alikuwa mgonjwa, Wanyoike ndiye akawa anamvuta. Athens alishinda mita 5,000 na 10,000.

#18 UstadhWaMbio
Dhahabu ni dhahabu, ujumbe umefika.

#19 ShabikiWaRiadha
Ujumbe ufike na mwaka wake. Halafu sikilizeni hii, inahusu kamba ya Machungwa. Katika mashindano ya wasioona, kamba inashikwa tangu mwanzo hadi mstari wa mwisho, na mwongozaji haruhusiwi kumvuta mkimbiaji wala kuvuka mstari kabla yake. Daraja la T11, la wasioona kabisa, kwenye mbio nyingi wanafungwa macho ili wawe sawa na lazima wawe na mwongozaji. T12, wanaoona kidogo sana, wanachagua kuwa naye au la. T13, wanaoona zaidi ya hao, wanakimbia peke yao.

Paris 2024, marathoni ya wanawake ya T12, Mhispania Elena Congost, bingwa wa Rio 2016, alikuwa anamaliza wa tatu. Mita chache kabla ya mstari mwongozaji wake akashikwa na misuli, akataka kuanguka. Congost akaachia kamba kumdaka. Akaenguliwa, shaba ikaenda kwa Misato Michishita wa Japani. Aliyekuwa nyuma alikuwa mbali, hakuna faida aliyoipata kwa kuachia.

#20 MachungwaMuheza
Nilisomewa habari hiyo siku ileile. Mimi ningeachia. Kila anayekimbia kwa kamba anajua kwamba mkono ule ni wa mtu.

#21 MpareWaPongwe
Sheria ni sheria lakini. Ukiruhusu mita mbili, kesho mwingine ataomba ishirini.

#22 MachungwaMuheza
Mpare, njoo Muheza nikufunge kitambaa machoni ukimbie mita mia, halafu tuzungumze sheria. Machungwa nitakupa bure.

#23 NiliponaKifua
Habari zenu. Mtoro, nikuulize: macho yanafifia au dunia inarukaruka?

Nauliza kwa sababu nilitibiwa kifua kikuu sugu enzi za sindano za kanamaisini. Nilipona, nashukuru, ila sindano zilichukua masikio yangu. Kitu ambacho sikuelezwa mapema ni kwamba dawa za ukoo ule hugusa pia kiungo cha mizani ndani ya sikio. Mtu akikimbia kichwa kinapanda na kushuka, na kiungo kile ndicho kinachoyaambia macho yajirekebishe. Kikiharibika, ukitembea kila kitu kinachezacheza, ukikimbia huwezi kusoma bango wala kutambua sura. Ukisimama, kila kitu kinatulia. Nilidhani nimepata ugonjwa wa macho, nikabadilishiwa miwani bure. Siku hizi sindano hizo zimewekwa kando, wagonjwa wanapewa vidonge, lakini sisi wa zamani tupo. Wewe usikivu ulipoteaje?

#24 MtoroWaRaskazone
Nilipata homa ya uti wa mgongo utotoni, nikalazwa muda mrefu, nikachomwa sindano nyingi. Mama hakumbuki ni dawa gani. Nilipotoka sikio moja halisikii, la pili limepungua.

Kuruka... sasa umenifanya nijiulize. Vibao vinacheza kidogo tangu dakika ya kwanza, mimi nilidhani kila anayekimbia anaona hivyo. Kufifia kunakuja baadaye, juu ya kule kucheza.

#25 MwanafunziWaTiba
Hapana, si kila mkimbiaji anaona hivyo! Mwenye mizani nzima anasoma bango akikimbia. Basi huenda kuna mambo mawili yamekutana. Na homa ya uti wa mgongo yenyewe, bila dawa yoyote, inaweza kuharibu usikivu na mizani pamoja, kwa hiyo tusizihukumu sindano.

Nesi, hapa unaonaje?

#26 NesiMstaafu
Naona hivyo. Ila kucheza hakuelezi kufifia, na mtu akisimama kucheza kunakoma mara moja, hakuhitaji kivuli na maji. Dawa za presha hajanijibu. Na bado sijaona namba ya sukari.

#27 JuaKali_Bombo
Mimi ni mtu mwenye ualbino, nina uoni hafifu tangu kuzaliwa, nakimbia Bombo hiyohiyo saa kumi na mbili alfajiri na kurudi kabla jua halijapanda. Mnamcheka Mpare lakini mwangaza si kitu kidogo. Ile barabara ikishatoka kwenye miti, mng'ao wa bahari upande mmoja na ukuta mweupe upande wa pili, mimi sioni kitu bila miwani nyeusi na kofia. Mwenye kisukari ambaye retina imeanza kuguswa, jicho lake huchelewa kuzoea likitoka mwangani kwenda kivulini. Akikaa kivulini kwa muda linazoea, naye anasema "limerudi."

Kuhusu sikio moja: kimbia upande wa kulia wa barabara, magari yakukabili. Sisi tunaendesha kushoto, ukikimbia kushoto kila kitu kinatoka nyuma yako. Mimi nategemea masikio zaidi ya macho, nawe kinyume chake, lakini upande ni uleule.

#28 MpareWaPongwe
Asante dada wa #27. Mmoja amenielewa.

#29 KatiwaNgamiani
Ushauri wangu ni baiskeli. Tanga nzima ina baiskeli, hakuna mji unaotushinda. Mdogo wako apande baiskeli mbele yako na shati la njano, wewe fuata njano. Kengele...

#30 BintiMakorora
Kengele mtu hasikii, #29.

#31 KatiwaNgamiani
Shati basi. Shati la njano nimelisema kabla ya kengele.

#32 UstadhWaMbio
Naona tunamtia woga. Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari, Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka akaumia goti, akafunga bandeji, akamaliza marathoni wa mwisho zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Angesikiliza nyuzi kama hizi angemaliza? Kaza, kijana.

#33 NesiMstaafu
Ustadh, Akhwari namheshimu na wanangu nimewasimulia. Lakini goti linauma na wewe unajua linauma. Sukari ikishuka inachukua kwanza ile akili ambayo ungeitumia kuamua. Nimepokea vijana waliokaza. Hadithi ya Akhwari isitumike kwa mgonjwa wa insulini, nakuomba.

#34 SahareAsubuhi
Nakubaliana na mama. Kama ni Mtanzania wa kutia moyo, Alphonce Simbu yupo, Tokyo 2025, dhahabu ya dunia ya marathoni kwa sekunde 0.03. Alingoja hadi mita za mwisho. Hata kungoja ni mbio.

#35 MpareWaPongwe
Hizo 0.03 nilizipigia kelele hadi jirani akaja na mwiko.

#36 MtoroWaRaskazone
Wakuu, nimerudi na namba. Leo nimebeba mashine ya kupimia sukari. Macho yalipofifia nikakaa ukutani, nikapima: 6.1. Kwa hiyo si sukari. Mama nesi, dawa za presha situmii.

#37 LushotoKwetu
Nilisema! Joto.

#38 NesiMstaafu
Pole pole. Mwanangu, kabla ya kuchoma kidole ulikula tende?

#39 MtoroWaRaskazone
Nilikula moja nikiwa nasubiri, ndiyo.

#40 NesiMstaafu
Kwa mkono gani? Sukari ya tunda ikibaki kwenye ncha ya kidole inaingia kwenye tone la damu, na mashine inasoma juu kuliko ukweli. Jasho jingi nalo linapunguza nguvu ya tone. Nawa kwa maji, kausha, futa tone la kwanza, tumia la pili. 6.1 hiyo siikubali wala siikatai. Rudia.

#41 BintiMakorora
Mama nesi angekuwa hakimu wezi wote wangeungama.

#42 DirishaLaMiwani
Napima macho na kutengeneza miwani. Mtoro amesema ana miwani ya kuonea mbali. Namba yake ni kubwa? Usiku anaona duara la rangi kuzunguka taa, hasa baada ya mazoezi? Kuna hali ambapo chembe za rangi ya jicho huchubuka jicho linapotikiswa na mbio au kurukaruka, zinaziba njia ya maji ya jicho, presha inapanda kwa muda, mtu anaona ukungu, akipumzika inashuka. Huwapata zaidi vijana wanaume wenye miwani ya kuonea mbali.

#43 MwanafunziWaTiba
Ipo, lakini kwa Waafrika si ya kawaida. Isiwe ya kwanza kwenye orodha.

#44 DirishaLaMiwani
Si ya kawaida siyo haipo. Presha ya jicho inapimwa kwa dakika chache. Aombe ipimwe mara tu akitoka kukimbia, maana akienda amepumzika wataambulia ya kawaida. Machungwa hapo juu anajua presha ya macho inavyochukua kimyakimya.

#45 MachungwaMuheza
Najua. Apimwe.

#46 MpareWaPongwe
Ngojeni. Anakimbia NA MIWANI? Kaskazi ya Tanga, jasho, mvuke? Wakuu, vioo vinaingia ukungu! Tumezunguka Ujerumani na Japani, kumbe kitambaa tu.

#47 MtoroWaRaskazone
Mpare nimeivua mara nyingi nikaifuta, bado. Ila nitaiacha nyumbani siku moja nikiwa na mwenzangu, ili nikujibu kwa uhakika. Namba ni kubwa kiasi. Duara la taa sijaliona, nitaangalia.

Nimezungumza na binamu yangu, ameafiki kamba. Tumekata kanga ya mama, ameturuhusu. Jana tumefanya alama tukitembea Jamhuri. Ile ya kusimama tumeirudia hadi watu wakadhani tunacheza ngoma.

#48 MachungwaMuheza
Safi. Badilishaneni: yeye afumbe macho, wewe umwongoze. Mwongozaji ambaye hajawahi kuongozwa hukata kona mapema mno.

#49 NiliponaKifua
Na shimesikio, ivue kabla ya kutoka ukiwa na mwongozaji. Jasho la chumvi linaila. Iweke kwenye kopo kavu lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu. Wenzetu viziwi wanakimbia bila mashine kabisa, kwenye michezo yao haziruhusiwi na mbio zinaanzishwa kwa taa.

#50 UstadhWaMbio
Paralimpiki wanatumia taa?

#51 ShabikiWaRiadha
Ustadh, viziwi wana michezo yao, Deaflympics, ilianza Paris 1924, miaka mingi kabla ya Paralimpiki. Sikio lenye nafuu liwe limepungua desibeli 55 au zaidi ndipo unaingia.

#52 JuaKali_Bombo
Mwenye sikio moja akivua mashine, upande wa mwongozaji una maana. Binamu akae upande wa barabara, kati yako na magari. Alama ni za mkono, hivyo sikio lenye nafuu liko upande gani si hoja tena.

#53 MamaWawiliDuga
Samahani kuingia katikati. Mwanangu naye anachoma insulini, ana miaka kumi na mbili, shule wanakimbia mchakamchaka kila asubuhi. Friji hatuna. Naiweka kwenye mtungi wa udongo wenye maji, kichupa kikiwa kwenye mfuko usioingia maji. Inatosha kwa joto hili? Na akikimbia nayo mfukoni inaharibika?

#54 NesiMstaafu
Mtungi ni njia nzuri mama, inapoza. Uweke kivulini penye upepo, maji yabadilishwe. Kichupa kilichofunguliwa andika tarehe juu yake, zikipita wiki nne usiendelee nacho hata kama kimebaki. Mfukoni mwa kaptura akikimbia, hapana: joto la mwili na jua vinaiua nguvu, sukari inapanda wakati unaona anachoma kila siku. Aiache kwa mwalimu. Mwalimu huyo anajua dalili za kushuka?

#55 MamaWawiliDuga
Nimemweleza wa darasa. Wa michezo bado. Nimwambie nini hasa, kwa maneno machache atakayokumbuka?

#56 NesiMstaafu
Akiwa mkali ghafla, akipepesuka, akisema haoni vizuri: asimame, ale kitu kitamu kwanza, apimwe baadaye. Asiachwe aende peke yake kutafuta maji. Akizimia, asilishwe wala kunyweshwa chochote, akimbizwe hospitali. Mwandikie kwenye karatasi, abandike kwenye daftari la mahudhurio. Na wewe Mtoro, Jumapili nataka namba mbili, kabla na wakati wa kufifia, vidole vimenawiwa.

#57 SahareAsubuhi
Jumapili tunaanzia Mkwakwani saa kumi na mbili kasoro. Mtoro na binamu wake waje, Mpare aje na kitambaa cha kufutia miwani, Binti aje ameshakula mihogo. Nani ana kipima joto cha kwapani? Lushoto anadai joto, basi tulipime.